Tukidai maji safi, tuseme pia maji machafu yaende wapi



Tukisimama kudai maji, tunadai kitu kimoja tu: robine. Wakati wa uchaguzi ahadi ni ile ile. Forage hapa, chemchemi ya simenti pale. Siku ya kuzindua wanakata utepe, picha zinapigwa, wakubwa wanapanda gari wanarudi Kindu. Swali la pili halina mwenye kuliuliza. Yale maji tuliyokwisha kutumia, yenye sabuni, yenye kinyesi, yenye tope ya kuosha dhahabu, yanakwenda wapi?

Jibu kila mtu analijua. Yanateremka kwenye kijito. Na chini ya kijito hicho hicho, mama mwingine anainama kujaza bido yake ya lita 20.

Maoni yangu ni haya: kudai maji safi bila kudai njia ya maji machafu ni kudai nusu ya haki. Ile nusu nyingine tukiiacha, itatufuata mpaka ndani ya kikombe. Na tusidanganyane kwamba deni lote ni la serikali. Sehemu yake iko mikononi mwetu sisi wenyewe tunaokula kwa dhahabu.

Tuanze na ukweli. Kampene haina kituo cha kusafisha maji machafu. Hilo halishangazi, juu hata Kinshasa, mji wa watu zaidi ya milioni 15, hauna kituo cha serikali kinachosafisha maji machafu ya mji mzima kabla hayajaingia mtoni. Lakini kabla ya kudai kituo, tujue tunataka kisafishe nini. Maji yetu yana uchafu wa aina tatu, na mtu akikuahidi dawa moja kwa magonjwa matatu tofauti, umuulize maswali.

Uchafu wa kwanza ni kinyesi. Nyumba nyingi kwetu zinatumia choo cha shimo. Kanuni inayofuatwa na mashirika ya misaada ulimwenguni inasema choo kiwe mbali na chemchemi ao kisima kwa mita 30 kwa uchache, na chini ya shimo kubaki mita 1.5 kabla ya kugusa maji ya ardhini. Sasa angalia viwanja vyetu. Mji wa dhahabu unakua kwa haraka, watu wanajenga karibu karibu, na mvua ya kwetu haina mchezo. Shimo likijaa, mtu anachimba lingine pembeni, ao anangoja mvua kubwa ibebe. Ndiyo njia ya kipindupindu, ya tifoide, ya amibe na ya minyoo ya watoto. Mtu mmoja akiugua kule juu, kijito kinapeleka ugonjwa kwa wote walio chini.

Uchafu wa pili ni tope. Kuosha dhahabu kunataka maji mengi, na maji hayo yanarudi kwenye kijito yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Wengine wanasema tope siyo sumu, ni udongo tu. Tuulize wamama wanaoloweka muhogo. Tuulize wanaotega samaki. Tope linafunika mahali samaki wanapotagia mayai, na linajaza kitanda cha kijito mpaka mvua ikinyesha maji yanaingia mashambani. Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui: dawa ya klori haifanyi kazi vizuri ndani ya maji ya matope. Yule mama aliyepewa vidonge vya kutibu maji anatia kidonge, anaamini amemaliza, kumbe vidudu vimejificha ndani ya tope. Kwa hiyo tope la dhahabu linaharibu hata ile dawa ndogo tuliyo nayo juu ya uchafu wa kwanza.

Uchafu wa tatu ni zebaki, ile tunayoiita merkire kule migodini. Inashika chembe za dhahabu, halafu inachomwa na kwenda na moshi, dhahabu inabaki. Mwenye kuchoma anavuta huo moshi, na jirani yake pia. Ile inayomwagika inaingia kwenye kijito, na ndani ya tope la chini vidudu vinaigeuza kuwa sumu inayoingia katika samaki. Samaki mdogo analiwa na mkubwa, mkubwa analiwa na sisi, na kila hatua sumu inaongezeka. Inayeumia kwanza ni akili ya mtoto aliye tumboni. Huko Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki katika bahari, na mwaka 1956 ndipo ugonjwa ulitambuliwa rasmi: watu wanatetemeka, watoto wanazaliwa vilema. Mkataba wa ulimwengu juu ya zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji huo. Kati ya mambo ambayo mkataba unataka yakomeshwe ni kuchoma zebaki na dhahabu katikati ya makao ya watu.

Sasa tusikilizane vizuri. Kituo cha kusafisha maji machafu kinatibu uchafu wa kwanza. Tope na zebaki ya mgodini hakivitibu. Tope linazuiwa pale pale linapoanzia, kwa mashimo ya kutuliza maji: maji yanapumzika, udongo unashuka chini, yanayobaki juu yanarudishwa kuoshea tena, hayaachwi yateremke kijitoni. Na zebaki inazuiwa kwa kutoiingiza katika maji tangu mwanzo. Basi tukidai kituo peke yake na tukaacha mgodi uendelee vile ulivyo, tutakuwa na kituo na bado tutakunywa maji mabaya.

Kwa nini mji kama wetu umesahauliwa hivi? Siyo bahati mbaya tu. Regideso inashughulikia maji ya miji. Maji ya vijijini yana huduma yake nyingine ya serikali. Kulikuwa pia na programu ya serikali pamoja na UNICEF, ile ya "village assaini", iliyofundisha vijiji kujenga vyoo, kulinda chemchemi na kunawa mikono. Sasa Kampene iwekwe wapi? Ni kubwa mno kuwa kijiji ambako kila mtu anamjua mwenzake, na ni ndogo mno, tena mbali mno kwa barabara, ili mtu wa Kinshasa aione kuwa mji. Miji ya migodi kama yetu imekaa kati ya viti viwili. Anayekuja kwetu anakuja kununua dhahabu, hakuja kupanga mifereji.

Lakini sheria haikutusahau. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira yenye afya, na kinaongeza kwamba ana wajibu wa kuyatetea. Wajibu, wandugu, siyo ruhusa tu. Halafu kuna sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, ambayo ilitoa kazi ya maji kwenye mikono ya Kinshasa peke yake na kuipa pia provinsi na mamlaka za chini. Kwa hiyo mtu wa provinsi akisema "hiyo ni kazi ya Kinshasa", tumuonyeshe sheria.

Watu watasema: kituo ni kitu cha Wazungu, kinataka umeme, kinataka mashini, sisi hata taa hatuna. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize, juu siyo kweli. Kwa inchi za joto kuna njia ya mabwawa. Maji machafu yanaingia bwawa la kwanza lenye kina kirefu, uchafu mzito unashuka chini na kuoza humo. Yanapita kwenda bwawa la pili, pana na lisilo na kina sana, ambamo mimea midogo ya kijani inatoa hewa inayosaidia vidudu vizuri kula uchafu. Halafu yanaingia bwawa la mwisho, ambamo jua linaua vidudu vya magonjwa na mayai ya minyoo yaliyobaki yanazama. Maji yanashuka yenyewe kwa mteremko. Umeme hapana, dawa hapana. Inatakiwa ardhi, jua, siku za kutosha, na mtu wa kufyeka majani na kuondoa takataka. Hivyo vyote kwetu vipo.

Na siyo hadithi. Huko Moshi, Tanzania, kuna mabwawa ya namna hii katika eneo la Mabogini, na wakulima wa chini wanatumia maji yanayotoka kumwagilia mpunga. Maniema yetu ni provinsi ya mpunga, hatuwezi kusema hatuelewi faida hiyo.

Ila sisi hatuna mabomba ya kupeleka maji ya nyumba kituoni, na hatutayapata kesho. Tuna vyoo vya shimo. Basi mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni Lubigi, huko Kampala. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2014, na sehemu yake imejengwa kwa kupokea kinyesi kinachovutwa na magari kutoka vyoo vya shimo, mpaka mita za ujazo 400 kwa siku. Kinyesi kinatandazwa kwenye vitanda vya kukaushia, maji yanachujwa chini na kwenda mabwawani, kinachokauka kinaweza kuwa mbolea. Kampene haihitaji hata robo ya ukubwa huo. Inahitaji vitanda vichache, mabwawa mawili ao matatu, mahali palipo chini ya mji na mbali na chemchemi, na njia ya kubeba kinyesi kutoka vyoo vilivyojaa. Hata tolotolo ya kusukumwa kwa mkono yenye mapipa ya kufunikwa inaweza kuanza kazi, kabla ya gari.

Mfano wa Bujumbura unatufundisha upande mwingine. Pale Buterere kuna kituo cha mabwawa kwa muda mrefu, lakini nyumba nyingi za mji hazikuunganishwa nacho, na maji machafu yanaendelea kufika Ziwa Tanganyika. Yaani bwawa bila njia ya kufikisha uchafu ni shimo la gharama. Tusikubali kujengewa ukuta na bango peke yake.

Na makuta? Hapo wakubwa wanapenda kunyamaza. Kodeksi ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema redevance ya dhahabu ni 3.5%, na kwamba 15% ya redevance hiyo ni ya mamlaka ya chini ambako mgodi uko, iwe komini, iwe sekta, iwe shefferie. Provinsi inapata 25%. Zaidi ya hapo, kampuni yenye ruhusa ya kuchimba inapaswa kutenga 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Mwezi wa 7 mwaka 2023 ilitangazwa kwamba SAKIMA, kampuni ya serikali, imefanya makubaliano na Falme za Kiarabu ya dola bilioni 1.9 kwa migodi ya Kivu ya Kusini na ya Maniema. Sisi hatuombi bilioni. Tunauliza: katika kila makubaliano kama hayo, mstari wa maji uko ukurasa gani?

Sehemu kubwa ya dhahabu ya inchi yetu inachimbwa kwa mikono, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinarudia kila mara kwamba karibu yote inatoka kwa njia za magendo. Inayotoka bila kuandikwa haiachi kodi. Inaacha tope. Jirani zetu wa Shabunda walionja: mwaka 2014 na 2015 mashini za kunyonya mchanga zilifanya kazi ndani ya mto Ulindi, na ripoti ya Global Witness ya mwaka 2016 ilionyesha jinsi dhahabu nyingi ilivyotoka na wakaaji wakabaki karibu mikono mitupu.

Sasa ninakuja kwa wenzangu, na hapa ndipo penye ugumu.

Nina lisanse. Kazi sina, kama wengi wa promosyon yangu. Minervali yangu ililipwa na dhahabu, kama ya wengi wenu. Hakuna mtu atakayenisikia nikisema tufunge migodi, juu tukifunga leo, kesho watoto hawali. Lakini kuna tofauti kati ya kuchimba na kuchimba popote. Mchimbaji anayeosha mchanga juu ya chemchemi ya kartie haibii serikali ya Kinshasa. Anamuibia mama yake mwenyewe. Mnunuzi anayechoma merkire nyuma ya duka lake, katikati ya nyumba, anawapa sumu watoto wa jirani anayemsalimia kila asubuhi. Tuna nguvu gani ya kumkemea gavana kama tunaogopa kumwambia rafiki yetu asogeze mashini yake mita mia mbili?

Ninajua jibu atakalotoa: "Wewe utanipa nini?" Swali lake ni la haki. Ndiyo maana mzigo hauwezi kuwa wa mchimbaji peke yake. Sheria inataka wachimbaji wa mikono wawe katika koperative, na serikali ina huduma yake, SAEMAPE, iliyowekwa kwa kuwasaidia. Iwasaidie basi. Iwaonyeshe mashimo ya kutuliza tope. Iwape kile chombo cha kufunika kinachokamata moshi wa zebaki ili itumike tena. Chombo hicho kinamlinda mchimbaji na kinampunguzia matumizi, juu zebaki ananunua kwa makuta yake. Anayekusanya taksi kila siku kwenye mgodi na hajawahi kuleta chombo kimoja, anafanya nusu ya kazi yake.

Wengine wataniambia: Goma na Bukavu zilianguka mwaka 2025, inchi iko vitani, na wewe unaandika juu ya vyoo? Ndiyo, ninaandika. Mwaka huo huo wa 2025 kipindupindu kiliingia katika provinsi nyingi za inchi, na Maniema ikiwa kati yao. Kipindupindu hakingoji vita viishe. Vita vinafunga barabara, dawa zinachelewa, bei inapanda, na mtoto anayeharisha hana siku za kungoja. Wakati wa vita ndipo maji yanapaswa kulindwa zaidi.

Wala sitawadanganya kwamba kituo kitamaliza ukosefu wa kazi. Kitatoa kazi chache: walinzi, wabebaji, mtu wa kupima maji. Faida yake kubwa iko kwenye makuta ambayo familia hazitapeleka tena hospitali, na kwenye siku za shule ambazo watoto hawatapoteza.

Kwa hiyo tunadai haya:

1. Mheshimiwa gavana wa Maniema na wabunge wa provinsi waonyeshe wazi sehemu ya redevance ya migodi iliyoingia kwa ajili ya teritware ya Pangi tangu mwaka 2018, na imefanya kazi gani.

2. Mamlaka ya Kampene ichague, pamoja na wakaaji, kiwanja kwa mabwawa na vitanda vya kukaushia kinyesi, kabla viwanja vyote havijauzwa. Ardhi ndiyo kitu cha kwanza, na kila mwezi unaopita inapungua.

3. Chemchemi zote zinazochotwa na wakaaji ziwekewe mpaka unaojulikana: ndani ya mpaka huo hakuna kuosha dhahabu, hakuna choo kipya.

4. SAEMAPE na koperative za wachimbaji zianze mashimo ya kutuliza tope kwenye kila mahali pa kuoshea, na kuchoma merkire kati ya nyumba kukomeshwe.

5. Makubaliano yoyote mapya ya migodi yasomwe hadharani Kampene, kwa Kiswahili, kabla ya kusainiwa.

Na sisi wenyewe, vijana, tuanze na kile kisichongoja ofisi yoyote. Siku ya salongo tumezoea kuzibua mifereji na kusukuma uchafu mpaka kijitoni, halafu tunasema tumesafisha mji. Salongo ijayo twende upande wa pili. Tupite kila chemchemi ya kartie yetu, tupime kwa kamba mita 30 kutoka majini, tuandike ni vyoo vingapi na sehemu ngapi za kuoshea dhahabu viko ndani ya mpaka huo. Tutumie daftari na kalamu, bila kumtukana mtu, bila kubomoa kitu. Hesabu hiyo tuipeleke kwa mamlaka, kwa kituo cha afya, kwa koperative na kwa parokia na misikiti.

Tukiwa na hesabu hiyo mkononi, hakuna atakayeweza kutuambia kwamba tunapiga kelele tu.